"Nurture", Adabu na Malezi: Historia ya Neno Moja la Kiingereza na Ufasiri Wake katika Kiswahili

Mwanafunzi wa tafsiri anayekutana na neno la Kiingereza "nurture" kwa kawaida hapati shida. Kamusi aliyo nayo itampa lea, tunza au kuza, naye ataandika malezi na kuendelea na sentensi inayofuata. Shida humpata siku anapolikuta neno lilo hilo katika maandishi ya kale. Katika karne ya 15 mtumishi mmoja wa nyumba ya mwanamfalme Humphrey wa Gloucester, aliyeitwa John Russell, alitunga shairi refu la mafunzo linalojulikana kwa jina la Boke of Nurture. Anayelifungua akitarajia habari za kunyonyesha na kubembeleza watoto ataambulia patupu. Humo ameelezwa kijana namna ya kutandika vitambaa mezani, kukata mkate na nyama mbele ya bwana wake na kumtayarishia maji ya kuoga. Ameonywa pia juu ya mambo yasiyotendwa mbele za watu, kama vile kujikuna na kutema mate ovyo. Hakuna mtoto mchanga hata mmoja.

Je, kitabu hicho kiitwe Kitabu cha Malezi? Jibu la haraka ni ndiyo, na jibu hilo si sahihi. Mhadhara huu unafuatilia sababu zake. Unaeleza jinsi neno "nurture" lilivyokuwa na maana ambayo Waingereza wa leo wameisahau, jinsi maana hiyo ilivyopata makao katika maneno kadhaa ya Kiswahili, na hasara inayotokea pale Kiingereza cha sasa kinapotumiwa kuwa kipimo cha kueleza maneno hayo ya Kiswahili.

Titi, meza na fimbo

Kwa asili "nurture" si neno la Kiingereza. Liliingia katika lugha hiyo yapata mwaka 1300 kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka Kilatini, katika kitenzi nutrire, maana yake kunyonyesha au kulisha. Ukoo wake ni mkubwa. Neno la Kiingereza la muuguzi, ambalo Kiswahili kimelitohoa kuwa nesi, ni la shina hilo, na asili yake ni mwanamke anyonyeshaye mtoto wa mwenziwe. Neno la lishe, na lile la chumba cha watoto ambalo baadaye lilihamishiwa kwenye kitalu cha miche, ni ya ukoo huo pia.

Maana haikukaa kwenye titi kwa muda mrefu. Katika Uingereza ya enzi za kati ilikuwa desturi ya watu wa tabaka la juu kuwapeleka watoto wao katika nyumba za wakubwa wengine wakakulie huko kama wahudumu. Mtoto alikula chakula cha nyumba ile, akajifunza mwenendo wake, akatumikia meza yake na akaadhibiwa na wenyewe. Mambo hayo manne yalitendeka mahali pamoja na kwa mkono mmoja, na neno moja liliyachukua yote. Ndiyo maana Geoffrey Chaucer, katika hadithi ya msimamizi wa shamba iliyomo ndani ya Hadithi za Canterbury, alipotaka kumkejeli mke wa msagaji aliyejiona bora kuliko majirani, alisema kwamba mama huyo alijivunia ukoo wake na "nortelrie" aliyoipata kwa watawa wa kike. Neno hilo, ambalo leo halitumiki kabisa, ni ndugu wa "nurture". Chaucer hakuwa akizungumzia maziwa. Alikuwa akizungumzia madaha na adabu za watu wa juu.

Katika tamthilia za Shakespeare maana hiyo bado i hai. Katika As You Like It, kijana Orlando anavamia chakula cha watu msituni akiwa ameshika upanga. Anapoulizwa kama ni shida au ni utovu wa heshima uliomfikisha hapo, anajitetea kwamba yeye si mtu wa porini na kwamba "nurture" kidogo anayo. Mfasiri wa Kiswahili akiandika kwamba kijana huyo anayo malezi kidogo, msomaji atashangaa, kwa kuwa hakuna anayesema hivyo kwa Kiswahili. Mtu ana adabu, au hana. Katika The Tempest, ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Tufani mwaka 1969, Prospero analalamika kuwa Caliban ni kiumbe ambaye "nurture" haiwezi kumgandia. Hapo jambo ni zito zaidi, maana Prospero amemlisha, amemfundisha lugha na kumwadhibu, na katika lalamiko lake yote matatu yamo.

Kuna upande wa fimbo pia. Kitenzi chenyewe kiliweza kumaanisha kurekebisha au kuadhibu, na hakuna aliyeona kwamba maana hiyo inapingana na ile ya kulisha. Frederick Furnivall alipoyakusanya maandishi ya adabu ya karne ya 15 na 16 na kuyachapisha mwaka 1868, kitabu cha Russell na kingine cha jina hilo hilo cha Hugh Rhodes vilikuwa miongoni mwake. Wakati huo ilibidi wasomaji waelezwe maana ya "nurture" katika majina yake. Katika muda usiotimia miaka 300 neno lilikuwa limekwisha kuwahama wenyewe.

Aya moja na vitenzi vitatu

Mahali pazuri pa kuliona neno hili likihama ni katika aya moja ya Agano Jipya, Waraka kwa Waefeso 6:4, ambapo akina baba wanaagizwa jinsi ya kuwatendea watoto wao. Aya hii inachunguzwa hapa kama data ya lugha tu, kwa sababu imefasiriwa mara nyingi, katika vipindi vinavyojulikana, na katika lugha zote mbili.

Kigiriki cha aya hiyo kina kitenzi ektrefo, ambacho shina lake ni la kulisha, na nomino paideia, iliyotokana na neno la mtoto, yenye maana ya mafunzo na marekebisho yanayomfanya mtoto kuwa mtu. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526 na kulisahihisha mwaka 1534, aliifasiri nomino hiyo kwa "nurture". Wafasiri wa mwaka 1611 wakamfuata. Lakini wasahihishaji wa mwaka 1881 waliona kuwa neno hilo halibebi tena uzito wa marekebisho. Badala ya kulitupa, walilihamisha. Kwenye nomino waliweka neno la adhabu ya kurekebisha, kisha wakalichukua "nurture" na kulifanya kitenzi, mahali pa ektrefo. Kwa hiyo Kiingereza cha mwaka 1611 na kile cha mwaka 1881 vina neno lile lile katika aya ile ile, lakini linafasiri maneno mawili tofauti ya Kigiriki. Mwanafunzi anayelinganisha tafsiri hizo bila kuutazama Kigiriki hudhani kuwa ni mabadiliko ya mpangilio wa maneno tu. Kumbe neno limevuka upande, kutoka kwenye fimbo na mafunzo hadi kwenye chakula.

Kiswahili kilifanya nini? Tafsiri ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, imeweka kitenzi -lea mahali pa ektrefo na adabu mahali pa paideia. Uamuzi huo ni mzuri kuliko unavyosifiwa. Aya chache kabla, katika 5:29, Kigiriki kina kitenzi kile kile ektrefo, lakini huko habari ni ya mtu na mwili wake mwenyewe, na tafsiri ya Union imetumia -lisha. Mwili haulelewi, unalishwa. Mtoto halishwi tu, analelewa. Wafasiri walitofautisha kwa Kiswahili kile ambacho Kigiriki hakikutofautisha, na masikio ya Mswahili yalikuwa mwongozo wao.

Kuhusu paideia, tafsiri hiyo haikung'ang'ania neno moja. Katika Waefeso ni adabu. Katika 2 Timotheo 3:16 ni kitenzi -adibisha. Katika Waebrania 12, ambako mzazi anamwadhibu mwana ampendaye, ni -rudi na nomino zake. Hata Pilato, katika Luka 23, anaposema atamwadhibu Yesu kisha amfungue, kitenzi cha Kigiriki ni cha shina hilo hilo la kufundisha mtoto, nacho Kiswahili kimetumia -rudi.

Kitenzi -rudi kinastahili kutazamwa kidogo. Kijana wa leo wa Dodoma au Nakuru anakijua kwa maana moja, yaani kurejea. Akisoma kwamba baba amemrudi mwanawe, atafikiri kuna silabi iliyosahauliwa na mpiga chapa, kwamba ilipaswa kuwa amemrudia au amemrudisha. Katika mwambao maana ya kuonya na kuadhibu kwa nia ya kurekebisha ingalipo vinywani mwa wazee, na nomino marudi ni yake. Dhana iliyo ndani yake ni ya kumgeuza aliyepotoka ashike njia tena. Ni neno ambalo halina kisasi ndani yake, na hilo ndilo linalolitenga na adhabu. Linapokufa, Kiswahili kinabaki na adhabu peke yake kwa matendo mawili yasiyofanana.

Tafsiri ya Habari Njema ya miaka ya 1990 katika aya hiyo ya Waefeso imeacha adabu na kuweka nidhamu. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, lakini hayasimami mahali pamoja. Nidhamu ni mpangilio na utii wa kanuni. Jeshi lina nidhamu, na timu ya mpira pia. Adabu ni ya mtu na mtu. Askari anaweza kuwa na nidhamu isiyo na dosari na asiwe na chembe ya adabu. Aidha, katika Kiarabu adabu ndiyo asili ya jina la fasihi, kwa kuwa mwenye adabu alikuwa aliyefundwa lugha, mashairi na mwenendo kwa pamoja. Na katika Kiswahili neno hilo limebeba pande mbili zinazowashangaza wageni: mwenye adabu ni mpole na mstaarabu, lakini kumtia mtu adabu ni kumchapa. Ni vigumu kupata neno lolote katika lugha yoyote linalofanana zaidi na "nurture" ya John Russell.

Kama kuna utungo wa Kiswahili unaostahili kuwekwa kando ya kitabu cha Russell, ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Hapo mama mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, anamwita binti yake Mwana Hashima aketi karibu naye aandike usia. Anaanza na dini, kisha adabu, kabla hajafika kwenye mambo ya ndoa na nyumba. Tofauti ni kwamba Russell anamfunza kijana wa nyumba ya mtu mwingine, ilhali Mwana Kupona anamfunza mwanawe wa kumzaa. Hakuna anayeuita utendi huo utendi wa malezi, ingawa hakuna kingine unachokifanya isipokuwa kulea.

Mikono badala ya titi

Hapa ndipo panapohitajika uangalifu, maana ni rahisi kuruka kutoka mfanano huu hadi kudai kwamba -lea ni "nurture" ya kale kwa sura ya Kibantu. Sivyo. Maneno haya mawili yalianzia mbali na yakakutana njiani.

Wanaisimu linganishi wa lugha za Kibantu wamelirejesha shina la -lea kwenye umbo lenye konsonanti mbili, -ded-. Kiswahili kimeipoteza konsonanti ya pili, kama ilivyotokea katika -kaa na -zaa. Lakini haikupotea pasipo alama. Inajitokeza kama l katika -lelewa, na kama z katika mlezi, ulezi na malezi, kwa namna ile ile ambayo -kaa inatoa mkazi na -zaa inatoa mzazi. Mzazi na mlezi, maneno yanayotajwa pamoja katika kila fomu ya shule, yana z yenye historia moja.

Lugha jirani zimeitunza konsonanti hiyo. Kiganda kina okulera, Kikuyu kina kũrera, Kibemba kina ukulela, Kinyarwanda na Kirundi vina kurera. Katika Kiganda maana ya kumbeba au kumpakata mtoto mikononi iko wazi, na omulezi ni msichana au mwanamke anayeshika mtoto. Chakula hakimo. Kunyonya kuna vitenzi vyake katika lugha hizi, na Kiswahili vilevile kina -nyonyesha na -lisha. Kwa hiyo "nurture" ilitoka titini na -lea ilitoka mikononi, na kila moja ikapanuka hadi ikafika kwenye mwenendo.

Njia za kupanuka ndizo zinazofurahisha. Rwanda imeichukua kurera hadi kwenye ubao: uburezi ndilo neno la elimu, na wizara ya elimu ya nchi hiyo inaitwa kwa neno hilo. Mswahili akilisikia hudhani ni wizara ya ulezi. Malawi imelipeleka upande mwingine, ambako katika Kichewa kulera, mbali na kulea, limekuwa neno la uzazi wa mpango, kwa mantiki kwamba anayemlea wa kwanza ipasavyo hukawia kumleta wa pili. Kiswahili hakikufuata njia yoyote kati ya hizo. Elimu kilikopa kutoka Kiarabu, na mafunzo ya mwenendo kikayakabidhi kwa -funda na -funza. Mwali anafundwa na kungwi au somo, halelewi naye. Hata methali inayosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu imechagua -funza, kwa sababu ulimwengu unaweza kumfunza mtu lakini hauwezi kumlea.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo mhimili wa sehemu inayofuata. Katika Kiswahili -lea inamtaka mtendaji aliye mtu na aliye karibu. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo imemweka mtendaji huyo katika kiambishi u-, na haiwezekani kumwondoa bila kuiua methali. Hata pale kitenzi kinapotumika kwa kitu kisicho mtoto, mtu hubaki. Mwanamke analea mimba, na methali inamkumbusha kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mkulima analea miche. Mkubwa wa ofisi anayefumbia macho uvivu anaambiwa analea uzembe, matumizi ambayo kwa kweli ni shutuma: amekipakata kitu ambacho angepaswa kukirudi. Na vijana wa mjini wakisema jamaa fulani analelewa, wanamaanisha mwanamume mzima anayelishwa na kuvishwa na mwanamke mwenye fedha. Utani huo unachekesha kwa sababu ya mikono ile ile ya asili.

Neno lisilo na mtu

Mwaka 1874 Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, alichapisha kitabu kuhusu wanasayansi wa Kiingereza na katika jina lake akaweka maneno "nature" na "nurture" sambamba. Jozi hiyo ilikuwapo tayari. Shakespeare alikuwa ameitumia kwa Caliban, na kabla yake mwalimu Richard Mulcaster aliyaweka maneno hayo pamoja katika miaka ya 1580. Galton mwenyewe alipendezwa na jinsi yanavyolingana kwa sauti. Alichokifanya kipya ni kuyapa maana za kisayansi. La kwanza likawa kila kitu ambacho mtu anakuja nacho duniani, na la pili likawa kila athari ya nje inayompata baada ya kuzaliwa.

Kwa hatua hiyo mlezi alifutwa. Kwa Mulcaster, "nurture" ilikuwa kazi ya mwalimu aliyesimama mbele ya mtoto. Kwa Galton, chochote kilicho nje ya mtu kiliweza kuingia humo, na mama akawa athari moja miongoni mwa nyingi. Mwaka 1883 Galton huyo huyo alibuni jina la ile elimu ya kuboresha vizazi vya binadamu kwa kuchagua wazazi, na katika mizani yake upande wa pili ulikuwa mwepesi daima. Ni rahisi kulidharau jambo lisilo na mtendaji.

Jozi hiyo ilipofika katika Kiswahili ilipata tafsiri mbili. Vitabu vya saikolojia na elimu aghalabu vimesema urithi na mazingira. Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa kwa sababu mazingira, kama "nurture" ya Galton, hayana mtendaji. Tafsiri ya pili, asili na malezi, inasikika katika mihadhara na redioni, na inapendeza zaidi kwa kuwa inafuata umbo la Kiingereza. Lakini inaleta maana ambayo Galton hakuikusudia. Mswahili akiambiwa kwamba udumavu wa mtoto umetokana na malezi, anasikia kwamba kuna mtu aliyekosea, na mtu huyo aghalabu ni mama. Akiambiwa umetokana na mazingira, anaweza kuuliza habari za maji, ukame na bei ya unga. Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Inaamua nani ataitwa kikaoni kujieleza.

Malezi katika nyaraka za sasa

Katika miaka ya karibuni "nurture" imerudi kwa kishindo katika Kiingereza cha mashirika. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, pamoja na washirika wao, walitoa mwongozo wa makuzi ya watoto wadogo ambao jina lake limejengwa juu ya neno hilo. Mwongozo una nguzo tano, nazo ni afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, inayowahusu watoto hadi umri wa miaka 8, nayo imejengwa juu ya nguzo hizo.

Kwa upande wa sera hakuna la kupinga hapa. Kwa upande wa istilahi kuna mawili ya kujadili. La kwanza ni kwamba malezi limetumika katika ngazi mbili. Ni jina la jumla katika anwani ya programu, na papo hapo ni jina la nguzo moja kati ya tano. Kiingereza kinatumia maneno mawili tofauti kwa ngazi hizo. Kiswahili kimepewa moja na kuongezewa sifa, yenye mwitikio, ambayo kwa msikilizaji wa kawaida haielezi chochote. Kinachokusudiwa ni mzazi kuitazama ishara ya mtoto, kilio au tabasamu au kidole kilichonyooshwa, na kuijibu. Kuna mama wangapi wa Kiswahili wasio na neno la jambo hilo? Kumbembeleza, kumchezesha, kumsemesha na kumwitikia ni vitenzi vinavyosikika barazani kila siku. Mhudumu wa afya ya jamii akivitumia ataeleweka kabla hajamaliza sentensi.

La pili ni zito zaidi. Katika nguzo hizo tano adabu haimo. Waandishi wa mwongozo wa Kiingereza hawakuiacha kwa kusahau. Kwa Kiingereza cha karne ya 21 "nurture" haina adabu tena, kama ilivyokwisha kuonekana katika marekebisho ya mwaka 1881. Lakini mzazi wa Tandahimba au wa Kilifi anayeitwa kwenye mkutano kuhusu malezi anafika akiwa na neno lake zima. Kwake malezi bila kumfunza mtoto kusalimu wakubwa, kupokea kitu kwa mkono wa kulia na kunyamaza wakubwa wanaposema si malezi. Akisikiliza kwa saa mbili habari za chanjo, mlo na kucheza na mtoto, anatoka akiwa na moja kati ya mawazo mawili: ama wataalamu hawajui malezi, ama adabu ni jambo lake mwenyewe la kushughulikia nyumbani kwa njia anayoijua. Njia anayoijua mara nyingi ni fimbo.

Hapo ndipo -rudi inapokosekana. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumrekebisha mtoto kwa namna isiyo na kiasi au isiyolingana na umri na hali yake. Mwezeshaji anayetaka kuieleza kwa Kiswahili hujikuta na maneno mawili: adhabu, ambalo linatisha, na nidhamu, ambalo linanuka gwaride. Neno la tatu, linalotenganisha kurekebisha na kulipiza, lilikuwapo na limo katika vitabu ambavyo wazazi wengi wanavyo majumbani. Sheria hiyo imeleta pia mjadala mdogo wa istilahi ya malezi ya kambo, inayotumika katika ustawi wa jamii kwa mtoto anayewekwa katika familia isiyo yake. Katika Kiingereza neno linalolingana nalo lilimaanisha chakula katika umbo lake la kale, na aliyepewa jina hilo alikuwa aliyelishwa mezani kwa watu. Kambo kwa Kiswahili ni jambo jingine. Mama wa kambo wa ngano zetu anajulikana, na si kwa wema. Familia inayojitolea kumpokea mtoto wa watu ilistahili jina lisiloanza na tuhuma, na mzazi mlezi lilikuwa karibu.

Hivyo basi wanakamusi wana kazi ya kufanya. Kitomeo -rudi kinahitaji maana ya kumrekebisha mtu ipewe nafasi ya kujitegemea na mfano hai wa mwambao. Kitomeo -lea kinahitaji mifano inayomwonyesha mtendaji, pamoja na ile ya kulea uzembe, kwa sababu matumizi hayo ndiyo yanayoonyesha mpaka wa neno. Matumizi mapya ya kulea vipaji, yaliyoenea katika kurasa za michezo, yaingizwe pia, lakini mfasiri ajue kwamba kukuza vipaji kulitangulia na kunatosha. Na mwanafunzi wa mwanzo wa mhadhara huu anayehangaika na majina ya vitabu anaweza kuanzia kwenye tarehe. Kitabu cha John Russell ni Kitabu cha Adabu. Kile cha Galton cha mwaka 1874 kinahusu wanasayansi wa Kiingereza, urithi wao na mazingira yao. Neno malezi anaweza kulihifadhi hadi afike kwenye mwongozo wa mwaka 2018, na hata huko ahesabu kwanza ni mara ngapi limetumika katika ukurasa mmoja na kwa maana ngapi.